Paneli Inaunguza, Bwawa Bado Baridi: Kutafuta Kasoro ya Sola ya Bwawa la Nyumbani

Juzi nilipanda juu ya paa la nyumba moja Munyonyo, Kampala, saa saba mchana, jua la utosi. Chini ya ngazi alisimama mwenye nyumba, Hajati mkarimu aliyeniandalia chai kabla hata sijafungua mkoba wa vifaa. "Mwanangu," akaniambia, "paneli zenyewe ni kali, kijana wa shamba hawezi hata kuzigusa. Lakini maji ni yaleyale. Wajukuu wanatoka wakitetemeka." Niliweka kiganja juu ya paneli ya kwanza nikakiondoa upesi, kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Hapo nikajua kwamba jua halina kosa, na paneli hazina kosa.

Watu wengi niliowafungia au kuwatengenezea mitambo hii, kuanzia Muyenga hadi Entebbe na Jinja, wana imani moja: paneli ikiunguza ndiyo inafanya kazi. Ni kinyume chake. Kazi ya paneli ni kuyakabidhi maji joto papo hapo. Maji yakipita kwa wingi unaotakiwa, paneli hukaa vuguvugu hata adhuhuri, kwa sababu joto linaloingia linabebwa na kushuka bwawani. Paneli inayounguza imebaki na joto lake. Ukilishika hilo, matatizo mengi yaliyo hapa chini utayatambua kwa kiganja.

Nazungumzia paneli nyeusi za plastiki au mpira, zisizo na kioo, ambazo maji ya bwawa lenyewe hupita ndani ya mirija yake yakisukumwa na pampu ya chujio. Sizungumzii sola za umeme, wala zile za kioo zenye tangi la maji ya kuoga, ingawa hizo za kioo nitazigusa baadaye kwa sababu wapo mafundi wanaozifunga kwenye mabwawa na kuleta madhara.

Kwanza ujue utarajie nini

Nimewahi kuitwa kutengeneza mtambo ambao haukuwa na kasoro yoyote. Mwenyewe alitegemea bwawa liwe la moto ndani ya siku mbili. Kwa hiyo tupige hesabu kabla ya kulaumu kifaa.

Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.4. Hayo ni maji lita 45,000 hivi. Kuyapandisha kwa digrii 1 tu kunataka joto sawa na yuniti 52 za umeme. Zizidishe kwa bei ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, uone. Jua la Uganda hutoa wastani wa yuniti 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku, na paneli isiyo na kioo hukamata karibu theluthi mbili yake, maji yakipita vizuri. Basi paneli za mita 16 za mraba, yaani nusu ya eneo la bwawa hilo, zitakupa karibu digrii 1 kwa siku njema. Bwawa hupanda polepole, siku baada ya siku, mradi usiku lisipoteze kile lilichopata mchana.

Ukiwa na mita 6 za mraba juu ya paa kwa bwawa la ukubwa huo, hakuna vali wala pampu itakayokuokoa. Unahitaji paneli zaidi. Nusu ya eneo la bwawa ndicho kiwango cha chini ninachokubali hapa Kampala. Kwa Kabale, ambako usiku watu huvaa makoti, hufunga eneo linalokaribia la bwawa zima.

Kwa kazi ya uchunguzi tafuta vipimajoto viwili, geji ya presha, ndoo, na siku ya jua kati ya saa tano na saa tisa mchana. Vipimajoto vyote viwili vitumbukize kwanza kwenye ndoo moja uone kama vinasoma sawa. Kimoja kikisema 24 na kingine 26 kwenye maji yaleyale, utahangaika siku nzima kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Paneli ni ya moto, bwawa ni baridi

Pima maji ya bwawa upande ulio mbali na mdomo unaorudisha maji. Kisha shikilia kipimajoto cha pili kwenye mdomo wenyewe. Tofauti ikiwa digrii 2 hadi 4 adhuhuri, mtambo ni mzima, hata kama mkono wako hauhisi kitu. Ikiwa digrii 8 au zaidi, maji yanapita machache mno. Ikiwa hakuna tofauti na paneli inaunguza, maji hayapandi kabisa.

Maji yasipopanda, anza na vali inayoyagawa baada ya chujio: njia moja kwenda juu ya paa, nyingine kurudi moja kwa moja bwawani. Kwa Hajati ndiko nilikokuta jawabu. Mpini wa vali uliwahi kuvunjika, aliyeurudisha akauweka kinyume, hivyo neno "wazi" lilikuwa likielekea upande uliofungwa. Jicho la nje lisingejua. Nilifungua skrubu, nikavuta mpini, nikaona kwenye ncha ya mhimili mkwaruzo mdogo ambao kiwanda huweka kuonyesha upande wa kizibo. Nikaugeuza. Ndani ya dakika moja tukasikia maji yakikoroma ndani ya bomba ukutani, na mdomo ukatapika hewa kwa muda kabla ya kutulia. Nilipopanda tena, paneli zilikuwa zimepoa. Hajati hakuamini mpaka nilipomletea kipimajoto kwenye ukingo wa bwawa.

Maji yakipita lakini machache, fuata njia yake kuanzia bwawani. Kikapu cha mbele ya pampu kikiwa kimejaa majani ya mparachichi na maua, pampu inakunywa kwa mrija mwembamba. Halafu geji ya chujio: andika presha yake siku chujio lilipooshwa, na ikipanda kwa bar 0.5 juu ya hapo, lioshe kwa kurudisha maji nyuma. Wengi hawakumbuki geji ilisoma nini mwanzoni, kwa hiyo mimi huandika kwa rangi ya kuandikia chupa pembeni mwa chujio, na tarehe.

Kisha tazama mabomba. Bomba la milimita 50 lililobanwa katikati kwa kipande cha milimita 32, kwa sababu duka halikuwa na elbo ya saizi siku hiyo, linaumiza mtambo mzima. Hesabu pia kona: elbo kumi kati ya pampu na paa ni nyingi, na nne kati ya hizo kwa kawaida zingeweza kuepukwa.

Mwisho ni nguvu ya pampu. Kila mita 1 ya kwenda juu inadai bar 0.1 ili maji yafike. Paa la nyumba ya ghorofa lililo mita 8 juu ya pampu linadai bar 0.8 kabla ya msuguano wa mabomba. Pampu ndogo inayotosha kuzungusha maji ya bwawa inaweza kushindwa kabisa kufika huko, au ikafika asubuhi na kushindwa jioni umeme unapokuwa hafifu. Ukiona maji yanapanda siku nyingine na siku nyingine hayapandi, pima voltiji wakati wa tatizo, usiipime siku ambayo mambo ni mazuri.

Kuna kosa jingine hapa ambalo hunisikitisha kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Mwenye nyumba anapenda kuhisi maji ya moto kwenye mdomo, basi anabana vali mpaka yatoke ya moto. Hesabu yake: lita 1,000 kwa saa zikipanda digrii 6 zinaleta joto pungufu kuliko lita 4,000 zikipanda digrii 2. Na paneli inayofanya kazi ikiwa ya moto humwaga joto lake hewani, kwa sababu haina kioo cha kulizuia. Fungua vali, acha maji yatiririke. Kiwango kizuri ni lita 200 hivi kwa saa kwa kila mita ya mraba ya paneli.

Upande mmoja ni baridi, mwingine unaunguza

Pitisha kiganja kutoka paneli ya kwanza hadi ya mwisho, taratibu, kama daktari anayetafuta homa. Zote zinapaswa kulingana. Zikitofautiana, angalia maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Yanapaswa kuingia kona ya chini upande mmoja na kutoka kona ya juu upande wa pili, ili kila paneli iwe na safari yenye urefu sawa. Fundi akiunga yote mawili upande mmoja, maji yatapita paneli mbili za karibu na kurudi, na zile za mbali zitakaa zikiungua bure. Nimeikuta kasoro hii mara nyingi kuliko nyingine zote za ufungaji, na tiba yake ni bomba moja la ziada la kuvuka paa.

Kama maungio ni sahihi, shuku hewa. Bomba la juu linapaswa kupanda kidogo kuelekea mahali maji yanapotokea. Likiwa na tumbo katikati, au paa lenyewe limelegea kwa sababu papi zimeliwa na mchwa, hewa hujikusanya kwenye mgongo na kuzuia mirija kadhaa. Mchanga nao hufanya hivyo: kitoboo, yaani kijibomba chenye matundu kinachozuia mchanga wa chujio, kikivunjika huuachilia, nao hutua kwenye bomba la chini la paneli ya mwisho. Ukiona kilima kidogo cha mchanga chini ya mdomo wa bwawa, usipande juu ya paa. Fungua chujio.

Ilifanya kazi Juni, Desemba imelala

Tatizo hili ni letu sisi tunaoishi kwenye Ikweta, na vitabu vya maelekezo vinavyokuja na paneli havilijui. Vimeandikwa kwa ajili ya Marekani na Ulaya, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Ndiyo maana navyo vinasisitiza paneli zitazame kusini na zisimame kwa mwinamo mkubwa. Kampala iko chini ya digrii moja kaskazini mwa mstari ule unaopita Kayabwe kwenye barabara ya Masaka. Jua letu la adhuhuri huwa utosini Machi na Septemba, hulala kaskazini kwa digrii 23 hivi mwezi Juni, na kusini kwa karibu kiasi hicho Desemba.

Kwa hiyo paneli iliyofungwa kwenye paa lenye mwinamo wa digrii 30 linalotazama kaskazini itafurahi Juni, lakini adhuhuri ya Desemba itapokea theluthi pungufu ya ile iliyolala karibu bapa. Linalotazama kusini litaugua kinyume chake. Kama una nafasi ya kuchagua, weka paneli kwa mwinamo wa digrii 10 hadi 15, upande wowote usio na kivuli. Mwinamo huo unatosha maji kushuka pampu ikizimwa, na unatosha mvua kuosha vumbi na mavi ya kaloli, yale makorongo makubwa ya mjini. Usitengeneze fremu ya chuma ya digrii 35 kisa kitabu kimesema. Utalipia chuma, utaupa upepo tanga, na utapoteza jua.

Kivuli nacho huhama kwa kufuata majira. Mfenesi ulioko kusini mwa nyumba hauna neno Juni, na Desemba unafunika paneli tatu. Kabla ya kukata mti, panda juu mwezi huo, saa nne asubuhi na saa tisa mchana, uone kivuli kinaangukia wapi. Mara nyingi matawi mawili yanatosha. Kwa nyumba za kando ya Ziwa Viktoria, ambako asubuhi huwa na mawingu mara nyingi, mimi hulinda zaidi jua la mchana kuliko la asubuhi.

Jioni digrii 28, asubuhi 25

Paneli zimefanya kazi yake, bwawa ndilo linalovuja joto. Na joto huondoka zaidi kwa maji kukauka kuliko kwa njia nyingine yoyote. Kwa bwawa la kina cha mita 1.4, kila milimita 1 inayokauka huondoka na digrii 0.4 ya maji yote yaliyobaki. Milimita 5 zikikauka umepoteza digrii 2, yaani kazi ya siku mbili za jua.

Weka alama ya penseli kwenye kigae jioni, ujaze ndoo maji ya bwawa na kuisimamisha kwenye ngazi ya bwawa ili iwe na joto lilelile. Asubuhi linganisha. Maji ya bwawa yakishuka sawa na ya ndoo, ni kukauka, na dawa yake ni kifuniko cha plastiki kinachogusa maji, kifunikwe kabla ya jua kuzama. Yakishuka zaidi ya ya ndoo, bwawa linavuja, na hilo ni suala jingine la fundi mwashi. Watu huniambia kifuniko ni usumbufu. Ni kweli ni usumbufu. Lakini mtu asiyetaka kifuniko namshauri abaki na fedha zake za paneli, kwa sababu atazitumia kupasha joto anga la Kampala. Kama kuna watoto, kifuniko kiondolewe chote kabla ya yeyote kuingia majini. Kifuniko laini kinachoelea humfunika mtoto na huwezi kumwona.

Kama kifuniko kipo na bado joto linaondoka, angalia saa ya pampu. Umeme ukikatika, saa za bei nafuu husimama na kuendelea pale ziliposimama. Baada ya kukatika kwa muda wa saa tano mara mbili, saa inadhani ni mchana wakati ni usiku, na pampu inapandisha maji ya uvuguvugu juu ya paa baridi saa tano usiku. Paneli zile zile zilizokusanya joto hulitawanya kwa ufanisi uleule. Nunua saa yenye betri ndani.

Mapovu yasiyokwisha kwenye mdomo wa kurudishia

Mapovu ya dakika moja au mbili pampu inapowaka ni ya kawaida. Ni hewa iliyokuwa ndani ya paneli. Yakiendelea, geuza vali maji yasiende juu. Mapovu yakibaki, hewa inaingia kabla ya pampu: mpira wa kifuniko cha kikapu umekauka, au maji ya bwawa yameshuka chini ya mdomo wa kunyonyea. Paka mpira grisi ya silikoni, jaza bwawa.

Yakikoma, hewa inaingilia juu ya paa kupitia vali ya hewa, kile kidude kidogo kinachofunguka pampu inapozimwa ili paneli zijimwage. Kidude hicho huhitaji kusukumwa na presha kutoka ndani ili kijifunge. Maji yanaposhuka kwa kasi kwenye bomba la kurudi huvuta nyuma yake, presha ya juu inageuka kuwa mvuto, na vali inafunguka pampu ikiwa bado inafanya kazi. Funga geji kwenye bomba linalopanda, baada ya chujio, usawa wa pampu. Paa likiwa mita 7 juu, geji inapaswa kusoma zaidi ya bar 0.7. Ikisoma pungufu, bana kidogo koki ya bomba linaloshuka mpaka presha ipande na mapovu yakome. Au hamisha vali ya hewa kwenye bomba linalopanda, upande wa maji yanapoingilia paneli.

Usiizibe. Najua inavyoshawishi: kidude kinatoa hewa na matone, fundi anafunga kizibo, mapovu yanakwisha, anapongezwa. Nimeona paneli baada ya miezi michache ya kizibo hicho. Kila pampu ilipozimwa, maji yaliyoshuka yalivuta paneli kwa ndani, na mirija ikabanana kama mfuko wa maziwa ulionyonywa. Nyingine zilipasuka kwenye maungio na bomba mama, lile nene linaloigawia mirija maji. Kidude cha bei ndogo kiligharimu paneli nne.

Pampu inawaka, inazima, inawaka

Hii ni kwa mitambo yenye kihisi joto. Kihisi cha juu kikifungwa kwenye bomba linalopitisha maji ya paneli, hupozwa na maji hayo badala ya kupima jua. Pampu inawaka, maji yanapita, kihisi kinapoa, pampu inazima, dakika tatu baadaye tena. Kifunge kwenye kipande cha paneli ileile kilicholala juani kama zilivyolala paneli, na uweke tofauti ya kuwasha digrii 4 na ya kuzima digrii 2. Waya wa kihisi upitishwe ndani ya bomba. Entebbe nimebadilisha waya mara mbili nyumba moja kwa sababu ya tumbili.

Asubuhi kuna vumbi sakafuni mwa bwawa, na pampu haishiki maji

Vali ya njia moja kati ya chujio na paneli haipo, au imekwama wazi. Pampu ikizimwa, maji ya juu ya paa hurudi kinyume kupitia chujio na kubeba uchafu wote bwawani. Fungua vali, mara nyingi ni jani au kokoto moja kwenye mlango wake. Na kwa kuwa Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa na pampu hunyonya kwa shida zaidi. Pampu iliyowekwa juu ya usawa wa maji itateseka hapa kuliko kitabu chake kinavyodai. Iteremshe kama unaweza.

Paneli zimenyanyuka au zimejikunja kama nyoka

Paneli za plastiki ni nyepesi, hata zikijaa maji, kwa hiyo uzito si hatari ya paa lako. Hatari ni upepo ule unaotangulia mvua, unaoingia chini ya paneli na kuinyanyua pamoja na bati. Mikanda ipite juu ya kila paneli kila mita moja hivi, ifungwe kwenye papi na si kwenye bati peke yake. Skrubu iingie juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye mfereji, na iwe na washa ya mpira. Paa lililotobolewa mfereji litavuja mvua ya kwanza ya Machi, na mwenye nyumba atadhani paneli ndizo zinazovuja. Kwenye vigae, usitoboe kigae. Kiinue, funga kishikio kwenye papi, ukirudishe.

Kujikunja kuna sababu tofauti: paneli imebanwa ikakosa pa kutanukia. Paneli ya mita 3.6 hurefuka sentimita 1.5 hadi 2 kati ya alfajiri na adhuhuri isiyo na maji. Funga bomba mama la juu liwe imara, na la chini uliache huru liteleze chini ya mkanda. Kosa hili nimelifanya mwenyewe nilipoanza kazi. Nilibana juu na chini, nikajiona nimefanya kazi imara, na baada ya wiki mbili mirija ilikuwa imeinuka kama mawimbi. Niligharimia paneli mpya, na tangu siku hiyo sifungi mkanda wa chini bila kuuvuta kwa kidole kuhakikisha unacheza.

Mabomba ya PVC ya kawaida yaliyogusana na paneli hulegea pampu ikisimama mchana, kwa sababu paneli kavu juu ya bati hupita digrii 60 bila taabu. Mita ya kwanza kutoka kwenye paneli tumia PPR, bomba la plastiki linalovumilia joto, uipake rangi isiliwe na jua. Na radi ikianza kusikika, hata mbali, shuka juu ya paa. Kazi itakusubiri.

Maji yamegeuka kijani, au kuta zina madoa ya buluu

Kijani kinachoteleza ukikigusa ni mwani: maji ya joto hula klorini haraka, hivyo bwawa lililopanda kutoka digrii 24 hadi 28 linahitaji kupimwa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Madoa ya buluu au kijani yasiyoteleza, hasa karibu na mdomo, ni shaba. Hapa ndipo zile paneli za kioo zinapoingia. Ndani yake kuna mabomba ya shaba yaliyokusudiwa maji safi ya kuoga. Ukipitisha maji ya bwawa yenye klorini, hasa pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikishuka chini ya 7.2, shaba inaliwa na kutua kwenye vigae, na nywele nyeupe za wazee huanza kupata rangi. Ondoa paneli hizo kwenye mzunguko wa bwawa, au zitenganishe kwa kibadilisha joto, kifaa kinachopitisha joto bila maji kuchanganyika. Tunza pH kati ya 7.2 na 7.6.

Paneli inavuja

Ikivuja kwenye maungio kati ya paneli na paneli, usikaze klempu kwanza. Zima pampu, ilegeze, toa mpira, ufute mchanga, paka grisi ya silikoni, rudisha, kisha kaza mpaka ukutane na ugumu, basi. Klempu iliyokazwa kwa hasira hukata mpira.

Ikivuja kwenye mrija, huhitaji kutupa paneli. Subiri jioni paneli ipoe na ijimwage. Tafuta doa: mara nyingi utaona chembechembe nyeupe za kemikali zilizokauka kuzunguka tundu. Kata mrija huo kwa kisu chembamba karibu na bomba mama la juu, ukate tena karibu na la chini, ukiacha kishina cha sentimita 2 kila upande, bila kugusa mirija ya jirani. Sukuma kizibo cha plastiki kilicholowa maji ya sabuni ndani ya kila kishina, kinavyoingia kwa kusuguana. Usitumie gundi ya PVC. Haishiki kwenye plastiki hii. Washa pampu, simama hapo dakika kumi na tochi, utazame vishina vyote viwili. Paneli iliyozibwa mirija mitatu au minne kati ya mingi iliyonayo itaendelea kupasha maji bila wewe kuona tofauti kwenye kipimajoto.